Kabla hujatuma pesa za smart TV, geuza kwanza TV uliyo nayo

Nianze kwa kukiri jambo moja. Kazi yangu ni kuandika makala za kukufundisha kutumia pesa za simu kwa usalama. Na Desemba iliyopita, nikiwa nyumbani Rodi Kopany, nilimtumia mtu nisiyemjua shilingi 3,000 za familia, na sikuziona tena.

Kama umewahi kupita Rodi unapajua: ni pale barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inapokutana na ile ya kwenda Ndhiwa. Boda zimejipanga, omena iko juu ya magunia, na kila duka la pili limebandika namba ya till mlangoni. Huwezi kusema watu wa hapa hawajui pesa za simu. Mimi nimekulia hapo, nimesoma hadi chuo kikuu, na bado nikashikwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ndani ya kisa hiki kuna masomo mawili. La kwanza ni jinsi waya wa shilingi 400 ulivyofanya kazi ambayo sisi tulikuwa tunaichangia zaidi ya elfu kumi. La pili ni jinsi ya kulipa usije ukalia kama mimi.

Video ambayo dani hakuwa ameiona

Babu alifariki mwaka uliotangulia. Kama ilivyo kwenye boma nyingi za huku, tulimwita mtu wa kamera arekodi mazishi kuanzia mwili ulipofika nyumbani hadi kaburini. Baadaye akatupa DVD moja na flashi moja. Ile DVD ilichezwa mara mbili, kisha deki ikafa. Flashi ikawekwa kabatini.

Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya yetu, hakuwahi kuiona video hiyo. Siku ya mazishi alikuwa amekaa kando ya jeneza na hakuona lolote ila jeneza. Tulipokutana Desemba kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja, akasema jambo moja tu: "Nataka kuona ni nani walikuja."

Rahisi, sivyo? Nikachomeka flashi kwenye TV ya sebuleni, inchi 32, iliyonunuliwa miaka kadhaa iliyopita. TV ikaandika kwamba faili haiwezi kusomwa. Nikajaribu kwenye laptopi yangu, ikafunguka vizuri. Lakini laptopi yenyewe ni ya inchi 14, sisi tulikuwa watu tisa, na dani ana mtoto wa jicho. Alisogea hadi pua ikakaribia skrini, akasema anaona tu watu weusi waliovaa nguo nyeupe. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Baba mdogo akatoa hukumu: "Hii TV imezeeka. Tununue smart." Group ya familia kwenye WhatsApp ikawaka moto, na kwa siku tatu tukachanga shilingi 11,500. Mweka hazina nikawa mimi, maana si ndiye mtoto anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo?

Usiku huo nikapata tangazo Facebook: smart TV ya inchi 43 kwa shilingi 11,000, "zimebaki mbili tu", tuma 3,000 sasa na inayobaki utalipa ukishaletewa. Nikaandika namba na kiasi. Jina likatokea kwenye simu, na halikuwa jina la duka. Lilikuwa jina la mtu binafsi. Nililiona, sikatai. Nikajiambia labda ndiye mwenye duka. Nikabonyeza PIN.

Asubuhi yake akaomba 2,500 nyingine "za usafiri". Nilipouliza duka liko wapi, akanizuia nisiweze kumwandikia tena. Hapo nikaelewa.

Swali la fundi

Nilienda kwa fundi wa simu na redio hapo sokoni kuuliza bei ya TV ya kweli. Sikumweleza aibu yangu yote, nilisema tu tuna video haionekani. Akaniuliza swali ambalo katika watu tisa hakuna aliyeuliza: "Nyathiwa, TV yenu huko nyuma ina HDMI?"

Sikujua. Nikampigia mdogo wangu, akaigeuza TV, akanitumia picha. Zilikuwepo mbili, zimejaa vumbi, hazijawahi kuguswa.

Fundi akachukua waya wa HDMI wa mita moja na nusu. Shilingi 400. Akasema, "Laptopi ndiyo itasoma video. TV kazi yake ni kuonyesha tu."

Sentensi hiyo ndiyo makala yote haya. TV yako inaweza kuwa haina intaneti, haina programu za filamu, na inashindwa kusoma flashi. Hayo yote ni kazi ya ubongo, na laptopi tayari ina ubongo. Ukiziunganisha, TV inakuwa skrini ya pili ya kompyuta yako, kubwa zaidi, ambayo kila mtu sebuleni anaiona.

Na kwa nini flashi ilikataa kwenye TV? Fundi alinieleza. TV nyingi za kawaida husoma flashi iliyopangwa kwa mfumo unaoitwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Video ya mazishi ya siku nzima inapita hapo kwa urahisi, kwa hiyo mtu wa kamera alikuwa ametumia mfumo mwingine ambao TV yetu haikuuelewa. TV haikuwa imezeeka wala flashi haikuwa imeharibika. Vilikuwa tu haviongei lugha moja.

Geuza TV uangalie matundu

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia vitu viwili: nyuma au ubavuni mwa TV, na ubavuni mwa laptopi. Piga picha zote mbili uende nazo dukani.

HDMI ni tundu bapa, pana kidogo, lenye pembe za chini zilizokatwa. Limekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo karibu kila TV bapa unayoikuta leo inalo. Waya wake mmoja hubeba picha na sauti kwa pamoja. Kama TV na laptopi zote zinalo, umemaliza. Nunua waya wa kawaida.

VGA ni lile tundu la rangi ya bluu lenye vitundu vidogo 15 na skrubu mbili pembeni. Linapatikana kwenye laptopi za zamani na baadhi ya TV. Hili hubeba picha peke yake. Utahitaji waya mwingine mdogo wa sauti kutoka tundu la earphone la laptopi hadi kwenye TV au spika, la sivyo utatazama filamu bubu.

USB-C ni tundu dogo la duara lililobanwa, kama la kuchaji simu mpya. Laptopi nyingi nyembamba za siku hizi, zikiwemo MacBook kadhaa, zina hili peke yake. Unahitaji adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI. Lakini tahadhari: si kila tundu la USB-C linatoa picha. Simu nyingi za bei nafuu zina tundu hilo kwa ajili ya kuchaji na kuhamisha faili tu. Usinunue adapta ya simu kabla hujaijaribu hapo hapo dukani.

Matundu ya duara ya njano, nyeupe na nyekundu ndiyo ya TV za zamani zenye mgongo mkubwa. Hata hizi hazijafa. Kuna kiboksi kidogo kinachobadilisha HDMI kuwa rangi hizo tatu, nacho huhitaji umeme wake kupitia waya wa USB. Picha haitakuwa kali, na maandishi madogo hayatasomeka, lakini video itaonekana.

Jambo moja watu hukosea sana: tundu la USB la TV halipokei picha ya kompyuta. Ukiunganisha laptopi hapo kwa waya wa USB, hakuna kitakachotokea. Lile ni la flashi.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Hatua hizi ni za laptopi ya Windows, kwa kuwa ndizo nyingi huku kwetu.

1. Zima TV kwanza. Chomeka waya upande wa TV, kisha upande wa laptopi. Angalia tundu ulilotumia limeandikwa HDMI 1 au HDMI 2.

2. Washa TV. Kwenye rimoti bonyeza "Source" au "Input", uchague tundu lile lile. Hapa ndipo wengi hukwama: waya uko HDMI 2, TV inasubiri HDMI 1, na watu wanalaumu waya.

3. Kwenye laptopi, shikilia kitufe chenye alama ya Windows kisha ubonyeze herufi P. Orodha itatokea yenye chaguo nne.

4. Chagua "Duplicate" ukitaka TV ionyeshe kile kile kilicho kwenye laptopi. Chagua "Extend" ukitaka ziwe skrini mbili tofauti. Chagua "Second screen only" ukitaka laptopi iwe giza na picha ibaki kwenye TV peke yake. Ile ya "PC screen only" inakurudisha ulikotoka.

5. Ukichagua "Extend", fungua video, ishike kwa juu kwa kipanya uivute kuelekea pembeni hadi itokee kwenye TV. Kisha ijaze skrini nzima.

Kwa MacBook, picha kwa kawaida hutokea yenyewe ukishachomeka. Mipangilio iko kwenye sehemu ya "Displays".

Ukiwa na TV inayopokea picha bila waya, shikilia kitufe cha Windows na herufi K, TV itatokea kwenye orodha ukiwa umeiwasha ipokee. Ni nzuri, lakini hukatikakatika. Kwa filamu ya saa mbili, mimi bado ningechagua waya.

Ikikataa, usikimbilie kununua nyingine

Picha ipo, sauti inatoka kwenye laptopi. Bonyeza alama ya spika pale chini kulia, uchague jina la TV yako. Windows mara nyingine husahau kuhamisha sauti.

Kingo za picha zimekatwa. Huoni ile saa ya chini kulia. TV inaikuza picha kidogo. Tafuta kwenye mipangilio ya picha ya TV, mahali pa ukubwa wa picha, chaguo kama "Just Scan" au "Screen Fit". Jina hubadilika kulingana na kampuni iliyoitengeneza.

Maandishi ni madogo sana kwa wazee. Bonyeza sehemu tupu ya skrini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Display settings", uchague skrini ya TV, kisha upandishe ukubwa hadi asilimia 150.

Ukifunga kifuniko cha laptopi, kila kitu kinazima. Hilo hubadilishwa kwenye mipangilio ya umeme: mwambie kompyuta isifanye chochote kifuniko kikifungwa. Lakini iache mahali penye hewa. Laptopi iliyofungwa juu ya kiti cha sufuria za kitambaa hupata joto.

Filamu ya kulipia inaonyesha giza, ila video zako zinacheza. Programu nyingi za filamu huzuia picha zao zisinakiliwe, na hukagua kama njia nzima kuanzia kompyuta hadi TV inakubali ulinzi huo. VGA na baadhi ya viboksi vya kubadilisha haviwezi. Ukitumia HDMI moja kwa moja, kwa kawaida tatizo huisha.

Hakuna picha kabisa. Jaribu tundu jingine la TV, kisha waya mwingine wa jirani, kisha laptopi nyingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ndipo utajua mkosaji ni nani.

Na huku kwetu kwa radi, tafadhali, mvua ikianza kunguruma chomoa vyote viwili kwenye stima na utoe ule waya katikati. Radi ikipiga TV, waya wa HDMI utaipeleka hadi kwenye laptopi.

Skrini kubwa inaonyesha pia siri zako

Hapa ndipo TV na pesa zako zinapokutana, na sikuwahi kulifikiria hili hadi siku ile.

Ukiwa kwenye "Duplicate", kila kinachotokea kwenye laptopi kinatokea sebuleni. Kila kitu. Ujumbe wa WhatsApp wa mtu anayekudai. Barua pepe ya benki. Na ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa unapolipia kitu mtandaoni. Kama umeunganisha simu yako na kompyuta, SMS za salio nazo zitapanda juu pale, inchi 32, mbele ya wageni na watoto wa jirani.

Kwa hiyo, tumia "Extend" kila unapokuwa na watu. Video inakaa kwenye TV, na mambo yako yanabaki kwenye laptopi uliyoielekeza kwako. Sisi tulifanya hivyo: video ikawa inacheza kwenye TV, mimi pembeni kwenye skrini ndogo nikawa naandikiana na binamu zangu walio Doha, ambao nao walitaka kujua imefika wapi.

Zima arifa kabla hujaanza. Kwenye Windows kuna chaguo la "Do not disturb".

Usilipie chochote wakati picha ya simu yako iko kwenye TV. Ukirusha skrini ya simu, watu wanaona namba unayotumia, kiasi, salio linalobaki, na mara nyingine hata vidole vyako vinapogusa PIN. Kata kwanza, lipa, kisha urushe tena.

Na ukitumia laptopi ya kuazima, usiache akaunti yako ya filamu imefunguliwa humo. Akaunti hiyo inaweza kuwa imeshikana na kadi au namba unayolipia.

Bando na stima: piga hesabu mapema

Kutazama faili iliyo kwenye flashi au ndani ya laptopi hakuli bando hata kidogo. Bando linaliwa pale unapotazama moja kwa moja mtandaoni, na skrini kubwa inakushawishi kupandisha ubora.

Netflix wenyewe wanakadiria GB 1 kwa saa kwenye ubora wa kawaida, na hadi GB 3 kwa saa kwenye ubora wa HD. Filamu ya saa mbili, basi, ni tofauti ya GB 2 na GB 6. Ukiwa unatumia bando la simu, hiyo ni tofauti ya kulala na pesa au kulala bila. Kwenye YouTube, bonyeza alama ya gurudumu uchague 480p. Kwa TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mita mbili au tatu, benga na ohangla vitachezeka vizuri tu.

Ukiichukulia laptopi intaneti kutoka kwa simu, iambie Windows kwamba hiyo ni "Metered connection". La sivyo itajiamulia kupakua masasisho yake katikati ya filamu, kwa bando lako. Na uhakikishe unajua kinachotokea bando likiisha: laini nyingine huendelea kula airtime kimyakimya.

Stima si tatizo kubwa. TV ya LED ya inchi 32 hutumia karibu wati 50, laptopi nayo karibu hapo hapo. Zote mbili kwa saa tatu ni kama yuniti 0.3. Stima zikipotea, TV itazima lakini laptopi itaendelea kwa betri, kwa hiyo hutapoteza mahali ulipofikia.

Na ukianza kufikiria kuwatoza watu kiingilio waje watazame mechi au filamu kibandani kwako, hiyo sasa ni biashara. Kuonyesha filamu hadharani Kenya kunahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na akaunti ya nyumbani hairuhusu kuonyeshea umma. Uliza kwanza.

Jinsi ya kulipa bila kulia

Sasa turudi kwenye zile 3,000 zangu. Haya ndiyo ningejiambia usiku ule.

Jina likitokea, lisome kama unavyosoma mkataba. Ile hatua ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya PIN haijawekwa kwa urembo. Duka lina jina la duka. Ukiambiwa ni duka na unaona jina la mtu binafsi, simama. Uliza. Kama jibu linakuja na haraka nyingi, futa.

Lipa kwa till au paybill ya biashara, kwa kitu unachokigusa. Fundi wa Rodi aliuchomeka waya kwenye TV yake pale dukani, nikaona picha, ndipo nikalipa. Jina lililotokea kwenye simu ndilo lililoandikwa juu ya mlango wake.

Kwa mzigo unaoletwa, lipa ukiwa umeufungua. Muuzaji wa kweli asiyekujua anaweza kuomba malipo ya kwanza, ni kweli. Lakini wewe nawe humjui. Tafuta njia ya katikati: tuma jamaa aliye karibu na duka akaangalie, au nunua kwa mtu wa sokoni unayeweza kumrudia kesho.

"Zimebaki mbili tu" ni kelele. Bei ya chini sana na haraka nyingi zikija pamoja, kuna mtu anakufanya usifikiri.

Ukishatuma na ukagundua umekosea au umetapeliwa, usisubiri asubuhi. Piga simu huduma kwa wateja saa ile ile kwa namba rasmi, si namba uliyotumiwa na mtu. Pesa zikiwa bado hazijatolewa kuna nafasi ya kuzizuia. Mimi nilisubiri saa kumi na mbili kwa sababu ya aibu, na zilikuwa zimeshatolewa. Hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, kisha uripoti polisi.

Na usimpe mtu PIN yako, hata anayesema anakurudishia pesa zako. Hasa huyo. Waliotapeliwa mara moja hutafutwa tena na watu wa pili wanaojifanya waokoaji.

Mwisho, kwa wanaoweka hazina ya familia: weka pesa za mchango mbali na pesa zako, na tangaza kwenye group kila shilingi inayotoka kabla haijatoka. Kama ningeandika jina lile kwenye group kabla ya kutuma, shangazi yangu wa Ndhiwa, ambaye hajawahi kuamini mtu tangu azaliwe, angenizuia.

Simamisha hapo

Jioni ile tuliweka laptopi juu ya stuli, waya ukapita nyuma ya kabati, na dani akakaa kwenye kiti cha babu, hatua mbili kutoka kwa TV. Nilishika laptopi mapajani.

Nilidhani atataka kuona jeneza. Hakutaka. Kamera ilipofika huko akaangalia pembeni. Lakini ilipoanza kupita kwenye mahema, juu ya watu waliokaa, akainua mkono: "Simamisha hapo."

Nikabonyeza kitufe kirefu cha katikati. Picha ikasimama. Akaanza kuwataja. Yule ni wa kanisani. Yule alitoka Sori kwa lori la samaki. Yule wa kofia waligombana na babu miaka kumi kwa sababu ya mpaka wa shamba, "na kumbe alikuja." Tulisimamisha mara nyingi sana. Video ya saa nne ikatuchukua jioni mbili. Kwenye safu ya tatu alimwona dada yake, ambaye naye ametutoka mwezi wa Agosti, amekaa anacheka na mtoto mapajani. Hapo tulisimama muda mrefu, na hakuna aliyesema tuendelee.

Nilipoandika hesabu kwenye group, ilikuwa hivi: mchango 11,500, waya 400, ekstensheni ya stima 600. Zile 3,000 nilizirudisha kutoka mshahara wangu na nikaeleza zilikoenda. Shangazi wa Ndhiwa akajibu kwa neno moja ambalo sitaliandika hapa. Zilizobaki, 10,500, tulikubaliana ziende kwa macho ya dani. Januari alipelekwa kliniki ya macho kupimwa.

Kwa hiyo leo, kabla hujatuma pesa za TV mpya, fanya kitu kimoja cha bure. Igeuze ile uliyo nayo, pangusa vumbi, uangalie kuna matundu gani. Na siku utakapolipia waya, soma jina kabla ya PIN.